Kwa nini ajenti wa usafi anaogopwa

Wasomi wenzangu, mimi ni ajenti wa usafi katika komine moja ya hapa Likasi. Nikipiga hodi kwenye parsele, watu wanauliza kwanza: "Amanda ni ngapi?"

Woga huo uko na historia. Wakati wa Wabelgiji, mji wetu ukiitwa Jadotville, usafi na malaria vilikuwa sababu ya kutenga mitaa ya Wazungu na ya Waafrika katika miji ya koloni. Miaka ya 1970 Mobutu akaleta salongo, kazi ya lazima. Mwenye kuamuru alibadilika, mwananchi akabaki kuamriwa.

Lakini kipindupindu kinaua kweli, choo kinahitajika. Basi mimi naeleza sheria kwanza, tunapatana siku ya kuchimba, amanda inangoja.