Kiungo cha reli

Kiungo cha reli ni mahali ambapo vipande viwili vya reli vimeunganishwa ili magurudumu ya treni yapite bila kukwama. Reli huunganishwa kwa bolti, kwa kulehemu, au kwa gundi pamoja na bolti. Kiungo huwa ndicho sehemu dhaifu zaidi ya njia.

Katika eneo la Gongo la Mboto, Dar es Salaam, njia mbili hupita kuelekea Pugu. Ya kwanza ni Reli ya Kati yenye upana wa mita moja, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Ya pili ni reli ya kisasa (SGR) yenye upana wa milimita 1,435, ambayo treni zake za abiria zilianza safari za Morogoro tarehe 14 Juni 2024.

Viungo vya bolti

Mabamba mawili ya chuma hubanwa ubavuni mwa reli kwa bolti nne au sita. Kati ya ncha za reli huachwa nafasi ndogo, kwa sababu chuma hutanuka juani: reli ya mita 12 hurefuka takriban milimita 4 joto likipanda kwa nyuzi 30. Nafasi hiyo ndiyo chanzo cha mlio wa kugonga ambao abiria wa treni za zamani wanaufahamu vizuri. Kila gurudumu hugonga ncha ya reli, bolti hulegea na nyufa huanzia kwenye matundu yake. Kwa hiyo njia hukaguliwa kwa miguu, na bolti hukazwa kwa spana. Mabamba yakiibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, reli zinaweza kuachana na treni ikaacha njia.

Kulehemu

Kiwandani reli hulehemiwa kwa umeme. Njiani hutumika pia termiti, iliyobuniwa na Mjerumani Hans Goldschmidt miaka ya 1890. Unga wa alumini na oksidi ya chuma huwashwa ndani ya chungu. Joto hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na chuma kilichoyeyuka humiminika katika kalibu iliyozunguka pengo. Kalibu yenye unyevu ni hatari kubwa, kwani maji hugeuka mvuke ghafla na kurusha chuma cha moto.

Reli iliyolehemiwa haina pa kutanukia. Huzuiwa na mataruma na kokoto. Mafuriko yakizoa kokoto, inaweza kupinda siku ya jua kali.

Viungo vya gundi

Baadhi ya mifumo ya ishara hupitisha umeme mdogo relini ili kutambua treni ilipo, hivyo njia hugawanywa vipande visivyopitishiana umeme. Hapo mabamba hugandishwa kwa gundi ya epoksi na nyuzi za kioo, na bolti huvalishwa plastiki. Chuma husuguliwa kwanza hadi kutu na mafuta yaishe, la sivyo gundi haishiki. Chembe za chuma zikijikusanya juu ya pengo, umeme huvuka, na ishara inaweza kubaki nyekundu ingawa njia ni tupu.