KM 30, KM 60, KM 80: ILE NAMBA YA BARABARANI INATOKAKA WAPI?

Mimi nilisoma jenie sivili. Tulifundishwa udongo, lami na madaraja, lakini swali ambalo watu wananiulizaka zaidi ni hili: ile namba ndani ya duara nyekundu pembeni ya barabara, ni nani anaichagua? Wengi wanafikiri ni polisi, juu njo yeye anasimamisha magari. Wengine wanasema mukubwa fulani aliiandika tu mu biro. Lakini mukifuata historia, mutaona wenye kuchagua walibadilisha swali lao mara tatu, na kila swali lilizaa namba yake.

Swali la kwanza lilikuwa la woga: hii mashine itatufanya nini? Uingereza, mwaka 1865, sheria ilikataza magari ya mvuke kupita maili 4 kwa saa inje ya miji (km 6 hivi) na maili 2 ndani ya miji. Tena mtu alipaswa kutembea mbele ya gari na bendera nyekundu mkononi. Mu Januari 1896, bwana mmoja wa Kent, Walter Arnold, alipita na gari lake kwa maili 8 kwa saa, ni kusema km 13. Polisi alimfukuza kwa baiskeli na akamkamata! Faini ya mwendo ilikuwa shilingi moja. Mwaka ule ule sheria ilipandishwa mpaka maili 14. Mwaka 1930 bunge likaondoa kabisa kikomo kwa magari madogo. Mwaka 1934 barabara za kule ziliua watu zaidi ya 7,000, na mwaka 1935 ndani ya miji wakaweka maili 30 kwa saa, karibu km 48. Namba hizi zote zilitoka mu majadiliano ya bunge.

Swali la pili ni la maenjenieri wa Marekani, na hapa njo vipimo vinaingia: mashofere wenyewe wanaona mwendo gani unafaa? Unachagua sehemu ya barabara iliyonyooka, siku ya kawaida, bila ambuteyaji. Unapima mwendo wa magari mia moja ao zaidi, yale ambayo hayazuiwi na gari la mbele. Kisha unayapanga kutoka la polepole mpaka la kasi. Mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayaupiti, ule njo unakuwa msingi wa kikomo. Wakati Shirika la Barabara linaona 85 wanakimbia km 72, kibao hakitaandikwa 50.

Njia hii ina akili ndani yake. Sheria ambayo karibu wote wanaivunja haiheshimiwi tena, na polisi anabaki anachagua tu wa kukamata. Mwaka 1964, David Solomon alitoa utafiti juu ya barabara kubwa za vijijini Marekani: gari lililotofautiana sana na mwendo wa wengine, kwa kasi ao kwa upole, lilipata ajali mingi zaidi. Maenjenieri wakashika neno hilo. Hata wakati serikali yao iliweka maili 55 inchi nzima mwaka 1974, sababu ilikuwa kuchunga mafuta, haikuwa vipimo. Sheria ile ilifutwa mwaka 1995.

Lakini tuangalie vizuri nani anahesabiwa pale. Ni shofere peke yake. Mama mwenye beseni ya mihogo kichwani hayumo mu ile mia. Mtoto anayevuka kwenda masomo hayumo. Tena kuna mtego mwingine: ukipandisha kikomo, magari yanaongeza mwendo, ukirudia kupima unapata namba kubwa zaidi. Mwaka 2017, shirika la Marekani lenye kuchunguza ajali za usafiri lilisema wazi kwamba haifai kutegemea ile 85 kupita kiasi.

Swali la tatu lilitoka Sweden, mwaka 1997, wakati bunge lao lilikubali lengo la kwamba mtu asife tena barabarani: mwili wa mwanadamu unavumilia pigo la nguvu gani? Hapo hesabu inageuka. Pale magari na watembea kwa miguu wanachanganyika, km 30 kwa saa. Pale magari yanaweza kugongana ubavuni, 50. Pale yanaweza kukutana uso kwa uso, 70. Fizikia inawaunga mkono: ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya pigo inazidi mara nne. Kwa km 30 enjenieri anahesabu mita 35 hivi za kuona hatari na kusimama. Kwa km 60, mita 85. Mu Februari 2020, mkutano wa Stockholm uliomba km 30 kokote watu na magari wanapochanganyika, isipokuwa kuwe ushahidi kwamba mwendo wa juu ni salama.

Basi na siye? Code yetu ya barabara ni ya mwaka 1978. Kwenye barabara moja utakuta fuso, motari, chukudu, mbuzi na wanafunzi, na mara mingi barabara inapita katikati ya soko. Ikitengenezwa vizuri, ikapata lami, mwendo unapanda siku ile ile, na nyumba zinabaki pale pale. Njo maana kibao peke yake hakitoshi. Shofere anasoma barabara mbele ya kusoma kibao: kama ni pana na imenyooka, mguu unashuka wenyewe. Ukitaka 30 ya kweli, punguza upana, weka dodane, jenga njia ya miguu, kisha polisi afuate.

Ninawaandikia ninyi juu kesho wamoja wenu watashika kalamu ya kuchora hizi barabara, ao watakaa mu komini wakisaini miradi. Siku ile, mbele ya kuandika namba, muende musimame pale masaa mawili. Muhesabu magari, ndiyo, lakini muhesabu pia wenye kuvuka kwa miguu.