Habari za Kuhama Makao na Kujiandikisha katika Kwale



Pamoja na hesabu za mwaka, twaona yafaa kuandika maneno machache juu ya jambo ambalo huletwa sana mezani petu: mtu ahamapo, yampasa kumwarifu nani? Vijana hudhani hii ni desturi mpya. Yakini si mpya, na katika pwani yetu ya kusini imewagharimu watu wengi.

Tuanze na kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kukichukua, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mliandikwa jina, kabila, alama za vidole, tajiri na mshahara.  Akitaka kutoka shamba hili aende jingine, sharti atiliwe sahihi. Akiondoka bila sahihi, alihesabiwa mtoro na kushtakiwa. Basi kuhama kwenyewe kulikuwa kosa. Mwaka 1947 ilikuja sheria nyingine, ya kuwaandikisha watu wa rangi zote.

Kwa mgeni wa nchi nyingine mambo yalikuwa na njia yake. Tarehe 5 Agosti 1914, siku moja baada ya Uingereza kuingia vitani na Ujerumani, Bunge la London lilipitisha kwa siku moja sheria ya kuwazuia wageni. Iliipa serikali uwezo wa kuwalazimisha wajiandikishe na kufuata amri juu ya kubadilisha makao na kusafiri. Ilikuwa sheria ya hofu ya wapelelezi. Hata hivyo Kenya, ilipotunga sheria yake ya wageni mwaka 1973, karibu miaka 10 baada ya uhuru, iliyachukua maneno yale yale juu ya makao na safari. Maneno yaliyokusudiwa Mjerumani wa London yakamfikia mkata miwa wa Ramisi!

Mkata miwa huyo mara nyingi alikuwa Mmakonde. Wamakonde walitoka Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno na kazi zao za shuruti, wakavuka mto Ruvuma, na tangu miaka ya 1930 wakaingia katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale. Wengine wakakaa Makongeni, upande wa Msambweni, wakachonga mpingo, wakaoa na kuzikana nasi. Lakini katiba ya uhuru ilimfanya raia, tarehe 12 Desemba 1963, yule aliyezaliwa nchini chini ya himaya ya Waingereza ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa nchini. Mtoto aliyezaliwa Ramisi kwa wazazi waliotoka ng'ambo ya Ruvuma hakuingia katika hesabu hiyo. Akawa mgeni katika kijiji alichozaliwa.

Sheria ya mwaka 2011 iliifuta ile ya 1973, ikafungua mlango kwa asiye na uraia wa nchi yoyote, mradi awe amekaa Kenya mfululizo tangu siku ya uhuru. Hapo ndipo kuhama kulipoleta taabu. Kazi ya kambi ikiisha, nyumba ya kambi nayo huisha. Na kiwanda cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988 watu walitawanyika. Mtu aliyehama mara nne bila karatasi athibitishe vipi kukaa mfululizo? Mlango huo uliwekewa miaka 5, ukaongezewa 3, ukafungwa mwaka 2019.

Wamakonde hawakungoja. Oktoba 2016 walianza safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, wazee wakiwamo, hata wakaonana na Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru wapewe vitambulisho. Vikaanza kutolewa, na mapema mwaka 2017 walihesabiwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kwale na Kilifi, wengi wao wavuvi, wakatambuliwa mwaka 2023.

Nasi makarani twajua ugumu wa neno "anwani" huku kwetu. Nyumba hazina namba; mtu huelekezwa kwa mwembe, kwa msikiti, au kwa jina la jirani, na barua hupitia sanduku la posta la shule. Jirani akifa au mwembe ukikatwa, makao yamepotea katika maandishi ingawa mwenyewe yungali pale pale.

Kwa hiyo Kamati imeweka daftari katika ofisi ya Chama. Mwanachama ahamapo, raia au mgeni, na aje na mzee mmoja wa mahali anapotoka. Tutaandika tarehe, kijiji cha kwanza na cha pili, na jina la mzee wa mtaa, kisha wote wawili watie sahihi au dole gumba. Daftari hilo halichukui nafasi ya ofisi ya serikali, na mgeni bado yampasa kwenda huko mwenyewe. Wajane na watoto wa wafanyakazi wa Ramisi wataandikwa kwanza, maana wazee wanaoweza kuwashuhudia wamebaki wachache.