Kutafuta Damu Isiyoonekana: Kutoka Kichocho hadi Saratani ya Utumbo

Kwa watoto wa skuli za Kinyasini na Chaani, kaskazini mwa Unguja, kikopo cha mkojo si kitu kigeni. Wapimaji wa kichocho hupenda kuchukua mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwani ndipo mayai ya minyoo ya ugonjwa huo hutoka kwa wingi. Kijiti chenye karatasi ya manjano huchovywa. Ikigeuka kijani au buluu, damu imo, hata kama mkojo ni mweupe kwa macho.

Ujuzi huu una historia ndefu. Mwaka 1864, Mholanzi van Deen aliitambua damu kwa utomvu wa mti wa guayaki wa Karibi, unaogeuka buluu kwa nguvu ya himoglobini. Mwaka 1901, daktari Ismar Boas wa Berlin aliitafuta damu iliyofichika kwenye choo. Kisha, mwaka 1993, utafiti wa Minnesota, Marekani, uliohusisha watu zaidi ya 46,000, ulionesha kuwa kupima choo kila mwaka kulipunguza vifo vya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 33.

Sababu ni hii: saratani hiyo mara nyingi huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo. Kikikua huvuja damu kidogo kidogo, kabla mtu hajahisi maumivu. Vipimo vya sasa hutambua damu ya binadamu peke yake, hivyo nyama uliyokula jana haivurugi majibu. Sampuli huchukuliwa nyumbani, bila sindano.

Kichocho nacho huzaa saratani, ya kibofu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilithibitisha hivyo mwaka 1994. Kuanzia mwaka 2012, shehia 90 za Unguja na Pemba ziliingia katika mradi mkubwa wa kukitokomeza. Masheha na walimu walilizungumza jambo la mkojo hadharani, na aibu ikapungua.

Wazee wetu wanastahili ujasiri huohuo. Wengi wakiona damu chooni husema ni bawasiri, wakanyamaza. Aliyeiona asingoje: amwone daktari. Na asiyeona chochote, akifika miaka 45, aulizie kipimo cha choo. Majibu yakionesha damu, bado si hukumu ya saratani. Ni sababu ya kuchunguzwa utumbo kwa kamera mapema, wakati kinyama bado kinaweza kuondolewa.