Kwa nini kadi ya picha ya laptop haibadilishwi

Kijana wa Handeni au Korogwe anayetaka kucheza gemu la GTA kwenye laptop ya mtumba humuuliza fundi kama anaweza kumwekea kadi kubwa zaidi ya picha. Mara nyingi jibu ni hapana, na si kwa sababu fundi hajui kazi.

Sababu iko katika historia ya kompyuta. Mwaka 1965, kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na zuio hilo likadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo, wenzetu wa Ulaya na Marekani walipokuwa wakifungua kompyuta za mezani na kuchomeka kadi wenyewe, huku kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi chache.

Mwaka 1999 kampuni ya NVIDIA ilitoa GeForce 256 na kuinadi kuwa prosesa ya picha ya kwanza duniani. Ilikaa kwenye kadi ya kompyuta ya mezani: ikizeeka, unaichomoa na kuweka nyingine. Mwaka 2004 kampuni hiyo ilileta MXM, kadi ndogo ya kuchomeka ndani ya laptop. Haikuenea. Iliishia zaidi kwenye mashine nene za bei mbaya, na mara nyingi kadi ya laptop moja haikukubali kwenye nyingine. Mwaka 2011 Intel ikaunganisha picha na prosesa kuu katika chipu moja. Laptop zikawa nyembamba, na nafasi ya kadi ikapotea.

Fungua mfuniko wa chini wa laptop ya kawaida leo. Utaona feni iliyojaa vumbi na bomba la shaba lililobanwa juu ya chipu. Chipu yenyewe imelehemiwa kwenye bodi kwa vitone vingi vidogo. Hata ikibanduliwa, chipu kubwa zaidi itadai umeme na upoozaji ambavyo bodi ile haikuandaliwa kuvitoa.

Thunderbolt 3 ya mwaka 2015 ilirahisisha kutumia kadi ya nje kwa waya. Lakini laptop lazima iwe na tundu lake, na kasha, kadi na chanzo cha umeme vinaweza kuzidi bei ya laptop yenyewe.

Kilichobaki ni kusafisha feni, kubadili dawa ya kupoozea na kuongeza RAM. Kwa laptop ambayo picha zake hutegemea RAM ya mashine, vipande viwili vya RAM huipa kasi zaidi kuliko kimoja. Diski ya SSD itaharakisha gemu kufunguka, si mwendo wa picha. Kadi ya picha ichague siku ya kununua laptop, maana baada ya hapo ni vigumu kuibadili.