Nguvukazi, si Umbali: Kuhamwa kwa Kijiji cha Hirta, 1930

Kisiwa cha Hirta, katika visiwa vya St Kilda, kiko kiasi cha kilomita 64 magharibi ya North Uist, Uskoti. Kijiji chake kilijipanga kama hilali kuikabili ghuba ya Village Bay, na wakazi 36 wa mwisho walihamishwa tarehe 29 Agosti 1930. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba walishindwa na upweke. Andrew Fleming, katika kitabu chake cha 2005, analipinga wazo hilo: anawaona watu wa Hirta kuwa sehemu ya jamii pana ya visiwa vya Hebrides. Hapo sina ubishi naye. Swali linalobaki ni hili: ikiwa upweke haukukimaliza kijiji, kilimalizwa na nini?

Jibu limo katika ombi ambalo wanakijiji waliiandikia serikali tarehe 10 Mei 1930. Hoja yake ya kwanza si bahari wala dhoruba, bali nguvukazi. Wanaeleza kuwa wanaume kadhaa wamekwisha kuamua kwenda bara kutafuta kazi, na kwamba hao ndio wanaochunga kondoo, wanaofuma vitambaa na wanaowatunza wajane. Wakiondoka, waliobaki hawataweza kuumaliza msimu mwingine wa baridi. Hiyo ni hesabu ya kazi, nayo inaafikiana na sensa: wakazi walikuwa 73 mwaka 1921, miaka tisa baadaye walikuwa wamepungua kwa nusu. Umbali kutoka North Uist haukuwa umeongezeka hata hatua moja.

Wapo watakaosema kwamba muuguzi na mmisionari wa kisiwani walisaidia kuliandaa ombi hilo, kwa hiyo sauti si ya wanakijiji. Pingamizi hili halina uzito mkubwa. Waliotia saini ni wanakijiji wenyewe, na anayejua ni nani anayemtunza mjane gani ni jirani, si mgeni.

Ushahidi wa karne ya 18 unaipa hoja hii nguvu zaidi. Ndui ya mwaka 1727 iliua karibu kijiji kizima. Wanaume watatu na wavulana wanane walinusurika kwa kuwa walikuwa wamekwama kwenye mwamba wa Stac an Armin, walikokwenda kuwinda ndege, hadi mwaka uliofuata. Pigo hilo lilikuwa zito kuliko la 1930, tena katika zama zisizo na meli za mvuke wala posta. Hata hivyo kijiji kiliendelea kuishi, kwa sababu mwenye kisiwa, MacLeod wa Dunvegan, alileta familia nyingine kutoka visiwa jirani. Mwaka 1930 serikali ilileta meli ya kuwaondoa.

Kwa hiyo kuhamwa kwa Hirta hakukuwa hukumu ya jiografia. Kulitokana na uamuzi wa kutojaza pengo la wafanyakazi, na historia ya visiwa vingine vilivyohamwa inapaswa kuchunguzwa upya kwa kigezo hicho hicho.