Asili ya Habari na Gharama Yake: Kutoka Bweranyange hadi Kihanga

Methali ya Kiswahili husema: lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Kwa mwanahistoria, na vilevile kwa mwandishi wa habari za uchunguzi, busara hiyo ni mtego. Mengi yasemwayo hayapo, na baadhi huwapo kwa sababu tu mwulizaji ameyapanda mwenyewe kinywani mwa aulizwaye.

Karagwe inatoa mfano wa kale. Novemba 1861 John Hanning Speke alipokewa na Omukama Rumanyika huko Bweranyange na, kwa maandishi ya Speke mwenyewe, Omukama alimwamkia kwa Kiswahili kizuri. Lugha ya mahojiano haikukosekana. Kilichokosekana ni uthibitishaji. Speke alishikilia nadharia kwamba watawala wa Maziwa Makuu walitoka Uhabeshi. Hakungoja kuisikia kwa wenyeji: alimweleza Rumanyika asili hiyo, hata akaihusisha na Mfalme Daudi. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1863, dhana hiyo iliingia katika elimu ya Ulaya. Baadaye wakoloni waliitumia nchini Rwanda kuwatenga Watutsi na Wahutu, na wachochezi wa miaka ya 1990 wakawaita Watutsi wageni kutoka Uhabeshi. Mauaji ya kimbari ya 1994 yalikuwa na sababu nyingi, lakini dhana hiyo ilikuwa miongoni mwa silaha zake. Mwaka huohuo wakimbizi wa Rwanda walimiminika Ngara na Karagwe, nchi ileile ambamo Speke aliizungumza.

Israel Katoke, katika historia yake ya Wanyambo iliyochapishwa mwaka 1975, alionesha njia nyingine: simulizi za wenyeji hupimwa kwa simulizi nyingine na kwa maandishi.

Njia hiyo inamfaa pia mwandishi aingiaye Kihanga, wilayani Karagwe, kuchunguza butura, yaani ununuzi wa kahawa ikali maua au mbichi mtini. Mkulima aliyepokea fedha mapema, mnunuzi aliyezitoa na kiongozi wa ushirika, kila mmoja ana sababu ya kusema na sababu ya kunyamaza. Neno la mmoja halitoshi. Hulinganishwa na hati ya mapatano, daftari la mizani na stakabadhi ya malipo. Aidha, watu watatu waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Hata hivyo, kuthibitisha kuna hatari yake. Kila swali la pili humjulisha mchunguzwa kwamba anachunguzwa. Katika kijiji ambamo watu wanajuana, kuficha jina la mtoa habari hakutoshi. Idadi ya mibuni yake au siku aliyolipwa inaweza kumfichua. Mwandishi hurudi mjini, mkulima hubaki.

Waandishi nao wameumia. Tarehe 5 Januari 2008 Saed Kubenea na Ndimara Tegambwage walivamiwa katika ofisi ya gazeti la MwanaHALISI, Dar es Salaam. Kubenea alimwagiwa tindikali usoni. Tarehe 2 Septemba 2012 Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Nyololo, mkoani Iringa, akiwa kazini. Azory Gwanda, aliyekuwa ameandika kuhusu mauaji ya Kibiti, alitoweka Novemba 2017.

Sheria nayo hukata pande mbili. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliadhibu uchapishaji wa habari za uongo, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba baadhi ya vifungu vyake vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mbele ya sheria za namna hiyo, daftari la mwandishi lenye tarehe na nakala za hati ndilo ngao yake. Lakini daftari hilohilo, likikamatwa na majina ndani yake, humsaliti mtoa habari.

Hivyo basi, uthibitishaji una masharti mawili yasiyotenganishwa: kujua habari imetoka kwa nani, na kujua atakayelipa gharama yake itakapochapishwa. Speke hakuuliza la kwanza. Mwandishi aendaye Kihanga hana budi kuuliza yote mawili kabla hajafungua daftari.